Kisigino cha Fundi Athmani

Fundi wangu Athmani,

Nilikukasirikia wiki tatu nzima. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema lililomleta. Nilikununia. Siku moja niliizima kompyuta kwa hasira nikasema kwa sauti, "Mzee, umenifanyia nini?" Kazungu, yule kijana ninayefanya naye kazi maabara, aligeuka kuniangalia, akaona sina mtu ninayezungumza naye, akarudi kwenye shughuli zake polepole. Leo nimeamka nacheka. Nimecheka nikipiga mswaki, nimecheka kwenye foleni ya maji, na sasa nimekaa karakanani kwako, kwenye kiti chako, nakuandikia nikiwa bado nacheka.

Habari za nyumbani kwanza. Ni miezi saba tangu moyo wako usimame ghafla baada ya sala ya alasiri. Bi Zuhura alimaliza eda salama, akahamia kwa kaka yake Mtongwe. Analalamika kwamba mbu wa huko hawana adabu na kwamba kuku wa shemeji yako wamepewa uhuru kupita kiasi, wanaingia hadi chumbani. Kwa hiyo jua kwamba yu mzima. Karakana hii ya Bombolulu, mwenye nyumba alitaka kuipangisha kwa kinyozi. Nilimwendea nikamsihi aniachie, akaniachia, na kila Jumamosi naifungua mwenyewe. Wateja wako bado wanakuja. Mmoja alitoka Likoni na magongo yake, hajapata habari. Nilimkalisha, nikampa chai kwanza, ndipo nikamwambia. Alinywa ile chai yote, kisha akaomba nimkazie mkanda wa chuma chake cha mguu, nikamkazia.

Nyundo yako ndogo naitumia mimi. Usiulize kama nairudisha mahali pake.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Binti wa Changamwe, baba mfanyakazi wa bandarini kutoka Ukambani, nimemaliza chuo na sina kazi. Ulinisikiliza nikijieleza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Kiswahili chako kina vumbi la reli, lakini mikono yako imetulia. Ndoo kesho." Nikaja kesho yake, na miaka tisa nilikaa nawe. Ulinifundisha kukunja chuma, kukata ngozi, kuitika abee nikiitwa na mtu mzima, na zaidi ya yote kupima. Mteja akiingia, hata jina hujamuuliza, futi iko mkononi: mguu wa kulia kutoka nyonga hadi chini, andika, mguu wa kushoto kutoka nyonga hadi chini, andika. Nikikuuliza kwa nini tusipime mmoja tu, ulikuwa unaniangalia kana kwamba nimetukana.

Kumbuka hilo, kwa maana ndilo nililolisahau.

Basi ile kazi niliyoipata baadaye maabara, uliyokuwa ukiiita sinema ya vitufe. Nilikueleza mara nyingi, na najua mara nyingine ulijifanya hujaelewa ili nieleze tena. Acha nikueleze tena, maana raha ya kukueleza haijaniisha. Ndani ya kompyuta mna mwili, mifupa na misuli yote, ila si mwili wa mtu yeyote. Tunauita modeli. Unakuja vile vile kwa kila mtu: mrefu, mnyoofu, miguu sawa kabisa. Mtu halisi akija, tunambandika vitufe vidogo vinavyong'aa pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi, nyongani, gotini, kwenye kifundo, kisiginoni, kwenye kidole gumba. Kamera za chumbani haziuoni uso wake wala nguo zake. Zinaona vitufe tu. Kwanza anasimama tuli. Kwa umbali wa kitufe hadi kitufe tunajua paja lake lina urefu gani na muundi wake una urefu gani, kisha tunairefusha na kuipunguza ile modeli, mfupa kwa mfupa, mpaka nukta zake zikae juu ya vitufe vya yule mtu. Hapo ndipo mtu anatembea, modeli inatembea naye, nasi tunasoma kila msuli umebeba uzito gani.

Ulisikiliza haya ukiwa unatafuna kashata, ukasema, "Kumbe mna nguo ya dukani, mnampunguzia mtu. Basi nipunguzieni vizuri."

Ulikuja maabara kwa ajili ya chuma chako kipya, sote tunajua. Vyuma tulivyokuwa tukitengeneza siku zote vinafunga goti moja kwa moja. Mwenye mguu uliopooza anatembea na mguu umenyooka, anauzungusha kwa nyonga kila hatua, na baada ya miaka nyonga yenyewe inakwisha. Wewe ukatumia miezi kumi na springi ya breki ya baiskeli, ukatengeneza goti linalojifunga ukikanyaga na kujifungua ukiinua mguu. Kilikuwa kimoja tu duniani, na kilikuwa kwenye mguu wako wa kushoto, ule dhaifu. Mkuu wetu wa maabara alisema wazi: vipimo vikionyesha kwamba nyonga inabeba uzito mdogo kuliko kwa chuma cha zamani, mradi wetu utatengeneza vyuma kama hicho kwa watu wanaosubiri. Ulitembea na cha zamani, ukatembea na kipya, ukaulizwa umechoka, ukasema umechoka kuulizwa. Siku kumi na moja baadaye tulikuzika.

Kwa hiyo zile hatua zako ndizo zote tulizokuwa nazo, na modeli ilikataa kuzifuata.

Kila hatua, kisigino cha kushoto cha modeli kiliangukia mbali na kitufe chako, sentimita nne. Sisi tukizidi mbili kazi haikubaliwi. Kisigino kikikosea, goti linakosea, na goti likikosea nyonga inasema uongo mtupu, nasi nyonga ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Nilirudia kupima, nikarudia tena. Mkuu wetu si mtu mbaya, lakini mwisho alisema, "Mwende, mtoe kwenye orodha. Marehemu hawezi kurudi kupimwa." Alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Kukutoa wewe kwenye orodha kulikuwa ni kukitoa chuma chako pia, kikae kwenye sanduku chini ya meza na mimi nikipite kila asubuhi.

Nilianza kwa kumlaumu Kazungu. Yeye ndiye aliyekubandika vitufe, kwa sababu wewe ulinikatalia katakata. "Mwanangu anibandike vitu mapajani? Haiwi." Mkavuta pazia, mimi nikabaki upande huu na kompyuta, nikawasikia: wewe unamwambia mikono yake ni baridi kama ya mwuza samaki, yeye anacheka mpaka anaangusha vitufe. Nilipomshtaki baadaye aliapa. "Haki ya Mungu, Mwende, nilikibandika kwenye mfupa. Kisigino ni kisigino, kitanipotea vipi?" Sikumwamini. Nilipomaliza kumlaumu yeye, nikakugeukia wewe.

Sasa sikiliza kosa langu. Pale uliposimama tuli, miguu mitupu, kitufe cha kisigino cha kulia kilikuwa sentimita tatu kutoka sakafuni. Cha kushoto kilikuwa nane. Nilikiona tangu siku ya kwanza! Nikasema, huyu Kazungu amekibandika juu mno, nikakishusha kwa mkono ndani ya kompyuta kikalingana na mwenzake. Na kwa kuwa nyonga zako zilikuwa sambamba, zimenyooka kama rula, niliiambia programu ichukue wastani wa miguu yote miwili, kama watu wengi wanavyofanya. Mimi, Fundi. Mimi uliyenipigia kelele miaka tisa.

Nilijua mguu wako wa kushoto ni dhaifu. Kwamba ni mfupi, hukuniambia hata siku moja. Ulivaa kanzu au suruali ndefu, kiatu chako cha kushoto ulikitengeneza mwenyewe mlango umefungwa, na mtu akitania kwamba akupime, ulisema fundi hapimwi. Nikadhani unachechemea kwa sababu ya lile goti lililofungwa tu.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilikwenda Mtongwe kumpelekea Bi Zuhura sukari na majani ya chai. Sikwenda kwa ajili ya vipimo. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimekata tamaa, na nilitaka kukaa na mtu anayekujua. Akaniletea mahamri, akamfukuza kuku mmoja, akaleta albamu. Tulifungua ukurasa kwa ukurasa. Harusi ya mpwa wako: umesimama nyuma ya kiti. Sikukuu: umesimama nyuma ya mtoto. Studio ya picha yenye mandhari ya maporomoko ya maji: umesimama nyuma ya chungu cha maua, tena chungu cha plastiki, Fundi, kifupi, chenye maua mekundu. Nikaanza kuona haya kwa niaba yako. Kisha ikaja picha moja ya ujanani, uko kando ya mashua, umepandisha kikoi, huna pa kujificha. Mabega sawa, kifua mbele, uso wa mtu anayegombea ubunge. Na kisigino cha kushoto kiko hewani. Vidole tu ndivyo vimegusa mchanga.

Nilimwonyesha Bi Zuhura kwa kidole. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. "Mume wangu huyo! Aambiwapo simama wima usitikisike, yuwasimama kwa picha. Tangu ujanani, wallahi."

Fundi, hayo ndiyo maneno Kazungu aliyokuambia nyuma ya lile pazia. Niliyasikia kwa masikio yangu: "Mzee, simama wima, usitikisike, nahesabu mpaka kumi." Ukasimama kwa picha. Na siku ile kamera zilikuwa kumi!

Bi Zuhura akaingia ndani akarudi na kiatu chako cha kushoto. Akakigeuza, akaingiza mkono, akatoa soli uliyoificha ndani: mpira wa tairi, tabaka juu ya tabaka, umegundishwa na kuchongwa hata mtu hawezi kuona kiungo. Nilitoa futi mkobani. Sentimita tano kamili. Nane ukitoa tatu. Nilikaa na ile soli mapajani nikaishika kwa mikono miwili, na hapo, ndiyo, nililia kidogo, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona kwako, na hukuwahi kumwonyesha mtu.

Lakini lilibaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nisimalize hamri langu. Ili modeli ikufuate, ilinibidi niandike kwenye ripoti kwamba mguu wako wa kushoto ni mfupi kwa sentimita tano na kwamba ulisimama kwa vidole. Ripoti ile itasomwa na watu tusiowajua, wa huku na wa nchi nyingine. Ulificha maisha yako yote. Mimi nani nikutoe hadharani usiweze hata kunikemea? Nilimwambia Bi Zuhura hivyo hivyo. Nikamwambia akikataa, siandiki, na chuma kitabaki sandukuni, na sitamlaumu.

Alikizungusha kile kiatu mikononi. Kisha akasema, "Aliniambia wiki ya kwanza ya ndoa, mlango umefungwa, kana kwamba mimi sina mato. Nikamwambia nimeona tangu siku ya posa. Alikasirika siku mbili nzima." Akacheka tena, sasa polepole. "Andika, mwanangu. Aliogopa huruma za watu, hakuna jingine. Na kwa kazi kama ile, nani atamhurumia?"

Jumatatu nilifika maabara kabla ya mlinzi kumaliza chai yake. Nilimwomba Kazungu msamaha mbele ya watu, na bhajia nikamnunulia. Nilirudisha kitufe chako pale pale alipokibandika. Nilifuta wastani. Nikapima mguu wa kulia peke yake, nikapima wa kushoto peke yake, nikaiambia modeli: kisigino hiki kiko hewani, mwenyewe alitaka hivyo. Nikabonyeza.

Modeli ikasimama. Kwa vidole vya kushoto, nyonga sambamba, kifua mbele. Mifupa mitupu, haina hata uso, na bado inaringa! Kazungu alipiga meza kwa kicheko. Kisha nikaipa zile hatua zako. Kisigino kikakaa juu ya kitufe, hatua ya kwanza, ya pili, zote, tofauti haikufika hata sentimita moja. Na ikatembea. Bega la kulia likatangulia, halafu ule utuo mdogo kabla ya hatua ya kushoto, kama mtu anayebisha hodi. Sikujua nimeshasimama. Nikasikia sauti yangu inasema, "Shikamoo, Fundi." Maabara nzima walinisikia. Hakuna aliyecheka. Kazungu, ambaye hawezi kumaliza dakika bila mzaha, alivua kofia.

Kuhusu nyonga, ulikuwa sahihi. Ulijua ulikuwa sahihi, kwa hiyo sitakusifu sana. Mkuu wetu alirudia hesabu mwenyewe mara mbili, akavua miwani, akasema, "Arudi kwenye orodha." Kabla hajafika mlangoni akageuka: "Na mtengeneze vitatu kwanza." Sanduku limetoka chini ya meza. Vipande vyake vyote navijua sasa, hata ile skrubu uliyoipinda kwa makusudi nikadhani umekosea.

Cha kwanza tumemvisha Riziki jana. Humjui; anauza vitunguu Kongowea, ametembea na goti lililofungwa tangu utotoni. Aliingia hapa karakanani, nikamwambia asimame nimpime, na hapo hapo akaanza kujinyoosha, akarekebisha na mtandio. Nikamwambia, "Dada, hapa hakuna picha. Simama unavyosimama ukiuza." Akashusha pumzi, mwili wote ukashuka naye, nikapima mguu mmoja, kisha wa pili, nikakirekebisha chuma kufuata vipimo vyake. Nilipomfunga mikanda aliondoka kitini akaenda hatua tatu, akasimama. Akatazama goti lake. Akarudi, akaenda tena. "Linakunja!" Akasema tena kwa sauti ya juu, "Linakunja jamani!" Kisha akatoka nje, akavuka barabara, akapotea nyuma ya duka, nami namfuata mbio na mkoba wake kwa sababu hata mkoba aliusahau. Nilimkuta dukani amesimama, hana haja ya kununua chochote. Alitaka tu kwenda mahali.

Tuliporudi alikaa mlangoni hapa akitokwa jasho, anakunja na kukunjua. Akaniuliza, "Huyo aliyetengeneza hiki, alijuaje?" Nilitaka kusema alikuwa fundi hodari, na hilo lingetosha. Badala yake nilimwambia: mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa sentimita tano. Nilisema kwa sauti ya kawaida, mlango wako uko wazi, watu wanapita barabarani, na nilijisikia fahari kama ninayetaja cheo chako. Riziki akaitikia kwa kichwa, akasema, "Nilijua tu. Mtu wa miguu sawa hawezi kutengeneza hivi."

Nisamehe kwa kuitoa siri yako, Fundi. Ukikasirika, kasirika siku mbili, kama ulivyomkasirikia Bi Zuhura, kisha uache.

Nimekumbuka sauti yako sana wiki hii, na sikuhuzunika nilivyodhani ningehuzunika. Mungu akurehemu, akupe pumziko jema huko ulipo. Nami nakuahidi hili, nikiwa nimeshika nyundo yako: hakuna mtu atakayeingia mlango huu au ule wa maabara nikamchukulia wastani tena. Nitapima wa kulia, niandike. Nitapima wa kushoto, niandike. Na vikitofautiana, nitaamini vyote viwili.

Mwanafunzi wako,
Mwende